Mikono Minane



Wahitimu wa uuguzi na ukunga, asubuhi hii kwaya imemwimba Mkombozi. Mimi neno hilo nililielewa dukani kabla ya kanisani. Mama aliweka cherehani yake rehani ili nilipiwe ada ya kidato cha kwanza. Msimu wa asali ulipofika akauza madebe mawili, akaniambia, "Twende tukaikomboe." Mwenye duka akahesabu noti mara mbili, akafunua gunia, cherehani ikatoka na vumbi lake. Mama akaifuta kwa pindo la kanga, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

Kukomboa ni kulipa ili kilicho chako kirudi. Katika sheria za Waisraeli pia, mkombozi alikuwa ndugu wa karibu, mwenye wajibu wa kurudisha shamba la ukoo lililouzwa, au jamaa aliyejiuza utumwani kwa umaskini.

Hapa Tabora tunalijua neno hili kwa uchungu. Misafara ya kati ya pwani na Ujiji ilipita hapa, na pamoja na pembe za ndovu, watu waliuzwa. Bei ilipimwa kwa doti za kitambaa, kila doti mikono minane. Miaka ya 1880, pale Kipalapala, wamisionari walilea watoto waliowakomboa. Malipo yale yalimfaidi mwuza watu, na hilo linaniuma hadi leo. Lakini mtoto alitoka kwenye mnyororo.

Adrien Atiman alikombolewa mbali zaidi, Algeria. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara. Wamisionari wakamlipia, akasomea utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu watu pale hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Mtoto aliyenunuliwa kama bidhaa aliamkia wagonjwa wa Karema, na Karema ikawa kwao.

Wahitimu, chini ya turubai hili wamo wazazi ambao baiskeli, mbuzi au shamba lao bado liko rehani kwa ajili ya ada zenu. Hawatawaambia leo, wasije wakawaharibia sherehe. Kabla sijatoa cheti hata kimoja, simameni, mgeuke nyuma, muwapigie makofi.