VIPELE VYA DEKI SI UCHAFU

(Maneno ya fundi wa boti kwenye mkutano wa wanachama. Yamebandikwa kwa ajili ya ndugu waliokuwa baharini siku ile.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya deki za boti zetu za faiba. Nitasema wazi, maana jambo lenyewe limekwisha kumlaza mwenzetu ndani na mguu uliovunjika. Alikuwa akivuta jarife usiku, amesimama karibu na tezi, bahari shwari, mguu ukateleza. Watu wakasema bahati mbaya. Asubuhi yake mimi nilipanda boti ile, nikailowesha deki, nikapita juu yake miguu mitupu. Jamani, ilikuwa laini kama sahani.

Sasa tuulizane, ulaini ule umetoka wapi? Boti ilipokuja ilikuwa na vipele deki nzima. Vipele vile hutoka ndani ya kalibu pamoja na boti yenyewe. Vimo katika ile ngozi ya juu ya faiba, jelikoti, ambayo unene wake ni kama nusu milimita tu, sawa na ukucha. Maji hupita kwenye vibonde, wayo hukamata kwenye vilima. Vibonde vikijaa ute wa samaki na mafuta, au vilima vikisuguliwa vikaisha, hapo tena huna deki, una utelezi.

Wapo baadhi yetu wanaoviona vipele vile kuwa uchafu usiotoka. Wanashika stilwaya, wengine msasa, wanasugua mpaka deki ing'are. Kwanza wanakula vilima. Pili, stilwaya huacha vumbi la chuma, chumvi ikilipata linaota kutu, madoa mekundu kila mahali. Tatu, ukiipitisha ngozi ile ukafika kwenye nyuzi za faiba, maji yanaanza kuingia ndani, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, ya fedha nyingi.

Halafu kuna hili la sifa. Wazee wangu mnisamehe. Jahazi na mashua ni mbao, mbao hunywa mafuta, na sifa imezilinda miaka na miaka. Faiba hainywi. Ukiipaka sifa inakaa juu pale pale, inasubiri mguu wa mtu. Na ile nta ya kung'arishia magari, itumieni ubavuni mkipenda, huko inasaidia dhidi ya jua. Kwenye deki, marufuku.

Namna ya kuosha ni nyepesi, ila inataka wakati wake. Osheni deki kabla damu na ute havijakauka, yaani mkishashusha samaki tu, si kesho yake. Maji ya bahari ndoo kadhaa, sabuni kidogo, brashi ya nyuzi za plastiki ngumu kiasi. Msisugue upande mmoja tu, zungusheni brashi ili iingie kwenye vibonde. Malizieni kwa maji baridi ya kisima, maana sabuni iliyobaki nayo ni utelezi. Mahali palipomwagika dizeli panataka sabuni mara mbili. Jiki kali sipendi kuiona, inachosha jelikoti.

Nanga isiburutwe juu ya deki. Pale inapolala tandikeni kipande cha tairi kuukuu, kifungwe kisihame. Miguu isuuzwe mchanga kabla ya kupanda, maana mchanga chini ya kandambili ni msasa ule ule. Boti ikikaa pwani siku nyingi ifunikwe kwa makuti au turubai, kwani jua hugeuza jelikoti kuwa unga kama chokaa. Mikeka na mazulia niliyoyaona kwenye boti moja (sitaitaja) yaondolewe. Yanashika maji chini yake, na siku yakihama yanahama na mtu.

Kwa boti ambazo vipele vimekwisha, tutapaka rangi ya mchanga. Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu ikipakwa vibaya inabanduka mwezi mmoja tu.

Mchanga uwe wa mto. Wa pwani una vipande vya kombe vinavyovunjika, na una chumvi. Uoshwe kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, uanikwe ukauke kabisa, uchekechwe kwa chekecho la unga. Pale pa kuvutia nyavu tutumie ule mwembamba zaidi, kwani chenga kubwa hula nyavu na magoti ya watu.

Deki ioshwe kwa sabuni kwanza, ikauke, ndipo ipigwe msasa. Msifanye kinyume chake, kwa maana msasa juu ya mafuta unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo, na rangi haitashika. Vumbi lifutwe. Kisha pakeni mkono wa kwanza wa rangi ya boti, na ikiwa bado mbichi nyunyizeni mchanga kwa wingi, mpaka rangi isionekane. Ikikauka, fagieni uliobaki. Juu yake pakeni mikono miwili ya rangi kuufunga mchanga. Acheni mifereji laini ya kupeleka maji kwenye matundu ya kutokea, bila mchanga.

Nyufa zizibwe kabla ya yote hayo. Hadena ya gundi ya faiba ni 1 hadi 2 kwa 100 ya gundi, fuateni maandishi ya kopo, wala msikisie. Ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Miwani ivaliwe, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Likitokea la kutokea, jicho lisafishwe kwa maji mengi papo hapo, dakika zisizopungua 15, ndipo mtu apelekwe zahanati.

Kazi hii ni ya kiangazi cha kaskazi. Wakati wa masika rangi haikauki. Tutaanza umande ukishakauka, chini ya kivuli, maana rangi inayopakwa juani hutoa malengelenge.

Kuna ndugu ameniuliza nani atalipia rangi. Hilo ni la kamati. Mimi nasema tu kwamba boti ikilala pwani siku nne kwa ajili ya rangi, tunajua hasara yake ni kiasi gani, tunaweza kuipigia hesabu. Mwenzetu aliyelala kule ndani, watoto wake wanakula nini siku hizi, mnajua wenyewe.

Bamvua lijalo tutapandisha boti mbili za kwanza. Kila baharia aje na brashi yake, na awe ameosha deki yake kwanza. Nitaipima kwa mguu wangu mwenyewe kabla ya kufungua kopo la rangi.