Nyumba na Gharama Zake

(Maneno yaliyosemwa na aliyekuwa Mweka Hazina mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema machache kabla ya mkutano kupiga kura juu ya ombi la vijana wetu. Ombi lenyewe mmekwisha kulisikia: kwamba Akiba ya Mazishi na Maafa ifunguliwe, ili mwanachama atakaye kununua nyumba akopeshwe humo fedha za kutanguliza. Sikusimama kuwakejeli vijana. Kila mmoja wetu aliyepata kupandishiwa kodi bila kuulizwa aujua uchungu wa kukaa katika nyumba ya mtu. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo naomba niwafungulie daftari langu mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 nilinunua nyumba ndogo upande wa Kisauni kwa shilingi 3,750,000. Nilitoa shilingi 750,000 zangu, akiba ya miaka mingi, na benki ikanikopesha 3,000,000 za kulipwa kwa miaka 15, kwa riba ya 13 kwa mia kila mwaka. Nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe ushuru wa stempu, ambao mijini ni 4 kwa mia ya thamani, ulikuwa ukiningojea: shilingi 150,000. Akaja wakili wangu, akaja wakili wa benki ambaye naye hulipwa na mkopaji, akaja mthamini, ikaja na bima. Yote pamoja yalipita shilingi 300,000, wala hayakuongeza hata tofali moja katika ukuta. Fedha hizo hazimo katika mkopo; hapana budi mnunuzi awe nazo mkononi kabla hajapewa ufunguo.

Sasa sikilizeni habari ya malipo ya kila mwezi. Yalikuwa karibu shilingi 38,000. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, shilingi 32,500 zilikuwa riba, na 5,500 tu, au pungufu kidogo, ndizo zilizopunguza deni. Baada ya miaka mitatu nilikuwa nimekwisha kulipa zaidi ya shilingi 1,360,000. Nilipouliza deni limebaki kiasi gani, nilijibiwa: shilingi 2,760,000. Sikuibiwa, ndugu zangu. Hivyo ndivyo hesabu ya rehani ilivyo: miaka ya mwanzo mtu hulipa riba, na miaka ya mwisho ndipo hulipa nyumba. Kama riba isingebadilika hata siku moja, ile milioni 3 ingenigharimu shilingi 6,800,000 na zaidi hadi mwisho wake.

Lakini riba ilibadilika. Mwezi wa Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake hadi 13 kwa mia, na mabenki nayo yakapandisha riba za wakopaji. Yangu ilifika 17 kwa mia, na malipo yangu yakawa shilingi 45,000 kwa mwezi. Mshahara haukupanda. Mwaka huo huo chumvi ya upepo wa bahari ilikuwa imekula mabati ya nyumba, na shimo la choo likajaa. Mpangaji humwita mwenye nyumba. Mwenye nyumba amwite nani? Kodi ya ardhi ya Kaunti nayo hudai kila mwaka, mvua inyeshe au isinyeshe.

Hapo ndipo nilipoanza kuacha kuleta mchango wangu hapa. Nasema haya kwa aibu, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikipita milangoni mwenu na kitabu cha risiti, nikiwahimiza. Nilikuwa nyuma kwa miezi saba mama yangu alipofariki. Kwa kanuni zetu sikustahili hata senti. Wazee walikaa usiku ule wakaamua kwamba mama hazikwi kwa makosa ya mwanawe, na asubuhi gari na sanda vilikuwa tayari. Deni langu nimekwisha kulilipa tangu hapo. Lakini nawauliza: kama usiku ule akiba yetu ingekuwa imefungiwa katika kuta za nyumba za wanachama, Wazee wangetoa nini? Msiba haungoji miaka 15.

Tena yafaa tukumbushane juu ya jambo la hapa kwetu. Ziko nyumba nyingi Mombasa, kama zile za Majengo, ambazo mwenye nyumba siye mwenye kiwanja. Mtu amejenga kwa ruhusa ya mwenye ardhi, naye humlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Desturi hii ni ya kale, na Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilizidisha uzito wake, kwani iliwataka watu wa Pwani wapeleke madai yao yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Nyumba ya namna hii bei yake ni nafuu, na vyumba vya kupangisha huleta riziki. Lakini anayeinunua ajue anachonunua: ni kuta na paa. Kwa kuwa hana hati ya ardhi, benki haitaipokea kuwa rehani. Na ardhi ikiuzwa, hana budi kupatana na bwana mpya. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na kabla ya kufungua mlango, nenda ofisi ya ardhi utazame hati i katika jina la nani, na kama imekwisha kuwekwa rehani.

Wala mtu asikope kwa siri nyumbani mwake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani pasipo idhini ya mwenzi. Sheria hiyo ni ya hekima, kwa maana deni la nyumba hulipwa na chungu cha jikoni.

Bwana Mwenyekiti, shauri langu ni hili. Akiba ya Mazishi isiguswe. Badala yake tuanzishe Akiba ya Nyumba, yenye daftari lake mbali, kwa mwanachama apendaye. Na kila atakaye kununua ajipime kwanza kwa mwaka mmoja. Akiwa analipa kodi ya shilingi 15,000, na nyumba anayoitamani itamdai 38,000, basi alete hapa zile 23,000 za tofauti kila mwezi. Akishindwa, amejua kipimo chake naye hajapoteza nyumba wala heshima, na fedha zake atarudishiwa. Akiweza, mwisho wa mwaka atakuwa na shilingi 276,000, ambazo zitamsaidia sana kwa ushuru na mawakili.

Vijana wetu, mimi sijutii nyumba yangu. Watoto wangu hawajui kuhama. Ninalojuta ni kwamba niliulizia bei yake, nisiulizie gharama zake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na matanga yenyewe, Wazee wangu, yana akiba yake. Tuiache palepale.