Kabla ya Kuwaketisha Pamoja

Msikilizaji, vuta picha hii. Jioni, Mtito Andei. Malori yamejipanga kando ya barabara ya Mombasa, na nyuma ya vibanda wazee wameketi chini ya mti. Mbele yao viti viwili vimekaribiana. Mzee anauliza, “Mama, umemsamehe?” Mke anamtupia mumewe jicho, ndipo anajibu, “Ndiyo.” Kikao kinafungwa.

Lile jicho ndilo somo la kwanza la msuluhishi aliyefunzwa vyema. Ndiyo ya namna ile imeombewa ruhusa.

Wazee wa nzama, baraza la Wakamba, wana nafasi yao kisheria: Ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inahimiza usuluhishi na njia za jadi. Lakini ibara hiyohiyo inakataza njia zinazokiuka haki za binadamu. Tena Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 haihesabu kipigo pekee. Vitisho, kuandamwa na kubanwa kifedha pia ni ukatili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafikishe miaka 15. Mzee anayepatanisha ndoa atakutana nao, apende asipende.

Basi aanze wapi? Amhoji kila mmoja peke yake, siku tofauti, kabla ya kikao chochote. Nani anashika pesa za M-Pesa? Amewahi kukukaba koo? (Swali hili lisirukwe kwa haya, kukabwa ni dalili ya hatari ya kuuawa.) Na hili, ambalo naliona zito kuliko yote: ukisema hapana leo, usiku utalala wapi?

Majibu yakitisha, hakuna kikao. Hata mbuzi wa ntheo waliofunga ndoa kwa mila ya Kikamba hawamlazimishi mtu kurudi penye panga. Kuna polisi, hospitali, fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, na mahakama, kama ile ya Makindu, inayoweza kutoa amri ya ulinzi.

Hofu ikiwa ndogo na mwenye hofu hiyo akitaka mazungumzo, aketi karibu na mlango, atangulie kuondoka, mwenzake abakizwe kwanza. Au wasionane kabisa, msuluhishi awe ndiye anayetoka chumba hadi chumba.

Nambari ya msaada ni 1195, bila malipo. Kama simu yako hukaguliwa nyumbani, piga kwa simu ya jirani unayemwamini.