Katiba iingie mu simu ya mtoto
Neno lililosemwa Kisangani mbele ya walimu, wazazi na vijana

Asante kwa kufika, zaidi ninyi wa Lubunga ambao mulipaswa kwanza kuvuka mto.

Tangu mwezi wa Oktoba 2024, raisi wa jamuhuri aliposema hapa hapa Kisangani kwamba inchi inahitaji katiba ingine, kila mtu anajua namba 220. Ku soko, mbele ya kanisa, pale wenye moto wanangojea wateja, ni mabishano tu: waguse, wasiguse. Artikle 220 ni ile inayokataza kugeuza hesabu na urefu wa mihula ya raisi. Lakini umuulize yule anayepiga kelele kama alisoma artikle ya 45, ananyamaza. Na siku watatuita kujibu ndiyo ao hapana, wengi watajibu juu ya kitabu ambacho hawajakifungua hata siku moja.

Ile 45 njo imetuleta hapa. Inasema serikali ina lazima ya kufundisha na kueneza katiba pamoja na haki za binadamu. Artikle ya 142 inaongeza: kila sheria ieneзwe kwa Kifaransa na kwa lugha zetu ine za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, mu siku 60. Hii ni deni. Katiba ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006. Mtoto aliyezaliwa siku ile leo ana miaka ya kupiga kura, na deni bado.

Mutasema somo la uraia liko ku programu. Ni kweli, liko. Mwalimu anaandika ku ubao, mtoto anakopia, anakariri bendera, wimbo wa taifa na sifa za raia mwema. Hatumcheki mwalimu, maana mara nyingi hana kitabu, yeye mwenyewe njo kitabu. Kwa hiyo usiku, akitayarisha somo, anatafuta mu simu. Na mwanafunzi wa sekondari akipata simu ya kaka yake, naye anatafuta mu simu. Tuangalie wanapata nini.

Kwa Kifaransa watapata katiba nzima, artikle 229, mu lugha ya wanasheria, na juu yake mambo mengi ya Ufaransa. Kwa Kiswahili wanaangukia Tanzania na Kenya. Hapo njo pabaya zaidi, sababu mtoto anasoma vizuri, anaelewa vizuri, na anaelewa inchi ya wengine. Atajua Bunge liko Dodoma. Atajua diwani na kata, atatafuta diwani wa Mangobo na hatamuona, kwa sababu Mangobo ni komine, ina burugumestre. Atasoma kwamba gavana anachaguliwa na wananchi wote. Kenya ni hivyo. Kwetu, artikle ya 198 inasema gavana anachaguliwa na madepite wa provense. Ni tofauti kubwa hiyo! Asiyeijua hawezi kuelewa kwa nini feza zinatembea kati ya madepite wakati wa uchaguzi wa gavana, wala hajui ni nani wa kuuliza.

Kuna inchi zilizofanya kazi hii kwa akili. Kule Marekani, Sandra Day O'Connor, mwanamuke wa kwanza kuwa mwamuzi ku korti yao kubwa, alipomaliza kazi alianzisha iCivics mwaka 2009. Ni michezo ya bure ku intaneti: mtoto anaongoza kabine ya maavoka, mteja anaingia na malalamiko, mtoto anapaswa kutafuta kama kweli haki yake iko ndani ya katiba na ni wapi. Mwalimu naye anapata masomo yaliyo tayari. Baadhi ya michezo wameiweka hata kwa Kispanyoli, juu ya watoto wanaosema Kispanyoli nyumbani. Hatuombi watuletee ile. Mtoto wa Kabondo ajue White House mbele ya kujua ofisi ya komine yake, itatusaidia nini?

Tunachoomba kwa wizara ya elimu ni kidogo: vitabu vya uraia vya kila kalasi viwekwe ku intaneti bure, kwa lugha ine, vikiwa vyepesi ili visimalize mega. Na viseme mambo yenye yanamgusa mtoto. Artikle ya 43 inasema masomo ya primere ku shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Mtoto akiijua, mama yake naye ataijua siku watamurudisha nyumbani juu ya feza.

Barua kwa wizara tumeiandika, tutaisoma mbele yenu mbele ya kuituma. Lakini hatutakaa kungojea jibu. Sisi wenye diplome bila kazi tuko wengi, na kama kuna kitu hatukosi ni wakati. Tutarekodi artikle moja moja kwa sauti, dakika tatu, Kiswahili cha hapa, chenye mama wa soko anasikia bila kuuliza. Itapita ku WhatsApp, na asiye na mega ataipokea kwa Bluetooth toka simu kwa simu. Mbele ya kuituma, mwalimu mmoja na mwanasheria mmoja wataisikiliza, maana kosa likishaingia ku simu za watu halirudi.

Tunaanza Jumamosi na artikle ya 18: ukikamatwa, wakuambie papo hapo sababu, mu lugha unayosikia, wakuache papo hapo uwasiliane na jamaa ao avoka wako, wasikuweke ku polisi kupita saa 48 bila kukuachilia ao kukupeleka kwa wakubwa wa sheria wenye mamlaka. Tunatafuta walimu wawili wa kusikiliza, na mtu mwenye simu inayoshika sauti vizuri. Majina mutaandikisha pale ku mlango.