Mita 44 tulizowaambia hazikuwa kweli

(Maneno ya ekipe ya maji kwenye mkutano wa memba, siku ya posho)



Kwenye mkutano uliopita tulisimama hapa hapa, tukawaambia kwamba chemchemi ya kule mlimani iko juu ya kijiji kwa mita 44. Mkapiga mikono, mkaanza kutoa mchango wa kununua tiyo. Leo tumekuja kusema: tulikosa. Makuta yenu bado iko kwa mtunza sanduku, hakuna tiyo hata moja iliyonunuliwa. Kwa hiyo tuko na wakati wa kusahihisha.

Kosa lilitoka wapi? Tulipima na kale kamashini ka GPS kanafungwaka kwenye usukani wa kinga. Njia kanaonyesha vizuri. Shida ni kimo. Satelite zote ziko juu ya vichwa vyetu, hakuna hata moja chini ya udongo. Ndiyo maana GPS inajua vizuri uko wapi kwenye karte, kuliko kujua umepanda kiasi gani. Juu ya ile, mashini nyingi za namna hii zinapima kimo kwa uzito wa hewa. Ukipanda, uzito unapunguka, mashini inahesabu. Huku kwetu kando ya Tanganyika, milibari moja ni kama mita 9.

Lakini hewa inabadilika hata kama wewe umekaa tu. Katika inchi za joto kama yetu, kila siku inafika uzito wake mkubwa karibu saa ine ya asubui, kisha inashuka mpaka saa kumi ya mchana. Tofauti ni kama milibari 3. Egemeza kinga kwenye ukuta saa ine, uirudilie saa kumi: mashini itakuambia kinga imepanda karibu mita 30, na haikutoka pale!

Sisi ile siku tulianza kijijini saa ine. Tulipima urefu wa njia, tulisimama kuzungumza na wenye mashamba, tukafika kwenye chemchemi saa kumi. Mashini ikasema mita 44. Juma lililofuata tulifanya kinyume, asubui kwenye chemchemi, mchana kijijini. Safari hii ikasema kijiji ndicho kiko juu, kwa mita 12. Hapo ndipo tuliogopa.

Tulichukua tiyo ya plastiki inayoonekana ndani, ya mita 20, tukaijaza maji bila kuacha hewa. Maji hayadanganyi: ncha mbili zikiwa wazi, yanasimama sawa huku na kule. Tukasogea hatua kwa hatua, siku mbili, kilometa 3. Jibu: mita 16.

Na tuseme hili pia. Siku ya kwanza kabisa, mzee mmoja alituambia kwamba baba yake alichimba mfereji toka ile chemchemi, mbele ya vita, na maji yalitembea polepole, mtoto aliyapita kwa miguu. Tuliandika kwenye kaye, hatukusikiliza. Mzee, utusamehe.

Mita 16 inatosha, maji yatashuka. Lakini tiyo nyembamba tuliyopanga haifai. Kwa mwendo mrefu namna hii, maji yanasuguana na tiyo, na nguvu ya mita 16 inaishia njiani. Tungeinunua, mama angekaa na bidoni kwenye robine akingojea matone. Inahitajika tiyo pana zaidi, na ile itapandisha bei. Mtunza sanduku atawasomea hesabu mpya. Tunaomba muamue leo, ninyi wenye makuta, kama tunaongeza mchango ao tunaanza na nusu ya njia.

Kwa ekipe zingine zenye kupima: mkitumia ile mashini, murudi siku ile ile mpaka pale mlianzia. Kama haionyeshi namba ya mwanzo, ile tofauti inawaambia mashini imepotea kiasi gani. Ao acheni ya pili chini, muandike saa na namba yake, mutaona hewa inavyobadilika. Na kabla ya kununua kitu, mupime na maji.

Sasa maulizo ni kwenu.