Mtoto Anayechechemea Asubuhi

Msikilizaji, baridi yabisi tumewaachia wazee. Bibi akilalamikia magoti wakati wa masika, tunamwelewa. Mtoto wa miaka 3 akiamka anachechemea, tunasema jana alianguka michezoni, tunamchua mafuta, yameisha.

Hayajaisha. Watoto nao wanaugua. Tangu mwaka 1897 daktari Mwingereza, George Frederic Still, alikwisha kuandika habari za watoto 22 wenye ugonjwa sugu wa viungo. Leo madaktari huutaja pale kiungo kinapovimba kabla mtoto hajatimiza miaka 16, uvimbe ukadumu wiki 6 au zaidi, na chanzo kingine kisionekane. Kwetu sharti hilo la mwisho lina kazi kubwa, maana selimundu na kifua kikuu cha mifupa navyo huvimbisha viungo. Na kiungo kikivimba ghafla, kina moto, mtoto ana homa kali na hataki kiguswe, usingoje wiki wala siku: huenda ni usaha, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi watoto hawa wanavyodhaniwa waongo. Viungo hukakamaa asubuhi, vikalegea kadiri jua linavyopanda. Saa mbili hawezi kushuka ngazi, saa nane anakimbiza mpira. Mwalimu anamwita mvivu, mzazi anasema anadeka. Mdogo zaidi hasemi hata kwamba anaumwa. Anaomba tu abebwe, ilhali zamani alitembea mwenyewe.

Tena vipimo vya damu vinaweza kutoka safi, na ugonjwa upo. Goti lazima lishikwe, lilinganishwe na la pili.

Lipo na jambo la macho. Baadhi ya watoto hawa, hasa wasichana wadogo wenye viungo vichache vilivyovimba, huvimba ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu. Mzazi haoni kitu, na mtoto anaweza kupofuka. Hugunduliwa kwa darubini ya daktari wa macho tu, ndiyo maana lazima wapimwe mara kwa mara hata wasipolalamika.

Dawa zipo. Methotreksati hutolewa mara moja kwa wiki, si kila siku, na mazoezi ya viungo huzuia goti kupinda moja kwa moja.

Mzazi, mwalimu, kesho asubuhi watazameni watoto wanavyotembea. Anayechechemea kila siku apelekwe kwa daktari, na mwelezeni daktari habari za asubuhi, kwa sababu mchana huenda asizione.