Kofia Kabla ya Mvua za Vuli

(Mazungumzo ya mhudumu wa jamii mbele ya akina mama na vijana wa kituo. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakufika.)

Nashukuru kwamba mmeacha foleni ya maji kidogo mkaja kusikiliza habari ya nyuzi.

Wengi wetu tuliofika hapa Nyarushishi tumetoka kwenye joto. Mtu wa Uvira, wa Luvungi au wa Kamanyola alizoea kulala na shuka moja. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Kivu liko kama mita 1,460, na milima ya Nyungwe hapo juu yetu inapita mita 2,500. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua karibu digrii 6. Kwa hiyo ugeni wa hapa hauko kwenye lugha na chakula tu, uko hata kwenye hewa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinatudanganya, maana mchana jua ni kali. Septemba mvua zinaanza na zinaendelea mpaka Desemba, na turubai likilowa usiku mnajua wenyewe linavyokuwa.

Wa kwanza kuumia ni mtoto mchanga. Joto lake linatakiwa liwe kati ya digrii 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo anaanza kunyonya kwa ulegevu, analala kupita kiasi, na akiwa alizaliwa na uzito mdogo anaweza kufa bila hata kulia. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na joto linatokea hapo. Ndiyo maana nasema kofia kwanza, mengine baadaye. Skafu ya kijana anayetaka kupendeza itasubiri.

Lakini mnisikie vizuri: kofia haichukui nafasi ya kifua cha mama. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, waganga waliokuwa na mashine chache za kuwatunzia watoto njiti waliwaweka watoto hao kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na njia hiyo sasa inafundishwa dunia nzima. Mtoto anavaa kofia, soksi na nepi tu, anakaa kifuani, na kitenge kinawafunika wote wawili. Baba naye anaweza kumbeba hivyo mama akipumzika. Wala msiharakishe kumwogesha mtoto. Inashauriwa kungoja saa 24 baada ya kuzaliwa. Mtoto akiwa mdogo sana au miguu yake inabaki baridi ingawa umemfunika, mpelekeni zahanati mara moja, msikae mkifuma.

Sasa, nyuzi tutazipata wapi? Nyuzi mpya ni ghali. Na sweta za mitumba si rahisi kama tulivyozoea Bukavu, kwa sababu mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Sisi hatutafuti sweta nzuri. Tunatafuta ile iliyotoboka viwiko, iliyopasuka shingo, ambayo mtu anataka kuifanya tambara la kupangusia sufuria. Tunaifumua.

Kabla hujanunua hata hiyo mbovu, igeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona pindo la kitambaa limekatwa na kufungwa kwa nyuzi nyembamba za cherehani zilizopita zigizagi, iache. Hiyo ilikatwa kwa mkasi kama shati, na ukiifumua utapata vipande vifupi vya urefu wa mkono, havifai. Ukiona kingo mbili nzima zimeunganishwa kwa uzi mmoja unaofanana na mnyororo, hiyo ni mali. Kata mshono, tenganisha mikono, mgongo na kifua, halafu anza kufumua kutoka juu, upande wa shingo na bega, kwa maana sweta nyingi zilifumwa kuanzia chini. Ukianzia chini kwenye ukingo wa kuvutika utapambana na mafundo mpaka jioni.

Uzi unaotoka umejikunja kama nywele. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, au mtoto akunyooshee mikono miwili (watoto wanapenda kazi hii kwa dakika tano), ufunge sehemu nne kwa uzi mwingine usichanganyike, uloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Usisugue na usitumie maji ya moto: sufu ya kondoo ikisuguliwa ndani ya maji ya moto hugandamana ikawa kama jamvi. Tundika kivulini na kijiwe chini ya fungu ili uzi unyooke. Sweta moja ya mtu mzima ikitoa gramu 300 za uzi mzuri, na kofia ya mtoto mchanga inakula kama gramu 30, hesabu mnaiona wenyewe.

Mjue pia mna uzi gani. Chukua kipande cha kidole kimoja, nenda mbali na mahema, kiwashe. Kikinuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika, ni sufu. Kikiyeyuka na kuacha tone gumu, ni uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki. Sufu inatunza joto hata ikiwa na unyevu, hiyo wekeni kwa watoto. Ule wa kiwandani unafuliwa kwa urahisi na unadumu, lakini ukishika moto unayeyukia ngozini, kwa hiyo anayekaa karibu na mbabula asiuvae. Pamba haisaidii sana, maana ikilowa inapoza mwili.

Sindano tunatengeneza. Wenye mianzi wachonge vijiti viwili vya unene wa milimita 4 hivi na urefu wa sentimita 30, wasugue kwenye jiwe mpaka visinase uzi. Njiti ya gurudumu la baiskeli inafaa pia, ila ni nyembamba, kofia itachukua siku nyingi na macho yatachoka. Mimi napendelea mianzi.

Kila mkono unakaza uzi kwa namna yake, kwa hiyo usichukue hesabu ya jirani. Fuma kwanza kipande kidogo cha vitanzi 20, ukipime kwa rula. Tuseme vitanzi 20 vimetoa sentimita 10, yaani vitanzi viwili kwa kila sentimita. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake kina mzunguko wa sentimita 35 hivi. Toa 2 ili kofia ishike, zinabaki 33, zidisha kwa viwili, ni 66, ongeza viwili vya mshono. Anza na vitanzi 68. Sentimita 3 za kwanza fuma kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, kingo ivutike. Endelea kwa ufumaji wa kawaida sentimita 10. Kisha fuma viwiliviwili kwa pamoja mstari mzima, vibaki 34. Mstari wa kawaida. Tena viwiliviwili, vibaki 17. Kata uzi, upitishe kwenye vitanzi vyote kwa sindano ya kushonea, vuta, funga, shona ubavu. Mtoto njiti mpime kichwa kwa kamba, hesabu ni ileile.

Msiweke kifungo, kamba ya kidevuni wala kishada cha juu. Vinang'oka na kuingia mdomoni, na kamba inaweza kumnyonga. Skafu kwa mtoto anayetambaa naikataa kabisa kwa sababu hiyohiyo. Kofia ikilowa ivueni papo hapo. Shingo ya mtoto ikitoka jasho, mmezidisha.

Akina baba wamekaa kule nyuma wakicheka. Baba aliyekuwa akishona nyavu Uvira au Kalemie tayari anajua kuhesabu matundu na kukaza uzi sawasawa. Kazi hii ataipata kwa siku mbili. Njooni mbele.

Nimeulizwa kuhusu wanyama, maana baadhi yetu tunafanya vibarua kwa wenyeji wenye mbuzi, na mwanambuzi aliyezaliwa usiku wa mvua huwa anakufa kwa baridi. Mkono wa sweta usiofaa kufumuliwa unamtosha: kata kipande, toboa matundu mawili ya miguu ya mbele, upande wa tumboni ukate uwe mfupi ili dume asijikojolee. Mngojeni mama mbuzi amlambe kwanza mpaka akauke, kwa kuwa anamjua mwanawe kwa harufu. Ukimvalisha mapema anaweza kumkataa. Koti likilowa livuliwe. Sungura msimvalishe chochote, atalitafuna. Mpeni nyasi kavu, atang'oa manyoya yake mwenyewe kutengeneza kiota. Na msidhani haya ni mambo ya mchezo. Mwaka 2001 mafuta yalimwagika baharini karibu na Phillip Island, Australia, yakawapaka pengwini 438, ndege wa baharini wasioruka. Walivalishwa sweta ndogo za kufumwa kwa mkono ili wasimeze mafuta wakijisafisha kwa mdomo, na karibu wote wakapona.

Kuhusu kuuza: watoto wa kituo wakishavaa, kofia za watu wazima zina wateja. Wachumaji wa chai wa Shagasha wanatoka alfajiri majani yakiwa na umande. Madereva na utingo wanaotoka Kamembe kuvuka Nyungwe kwenda Huye wanajua baridi ya msituni. Soko la Bugarama msilisumbue, kule ni bondeni kwenye mpunga na joto, mtarudi na mzigo wenu. Anayehamishiwa kambi ya Kigeme, kule milima ya Nyamagabe, afume na ya akiba. Anayekwenda Mahama, upande wa mashariki, hatahitaji nyingi.

Tutakutana kila Jumatano saa nane mchana kwenye hema la vijana. Njoo na sweta moja mbovu na kijiti cha mwanzi. Mkasi upo mmoja tu, kwa hiyo mwenye wembe aulete ukiwa umefungwa kwenye karatasi. Mama mjamzito aliyefikisha mwezi wa nane ajiandikishe kwa mhudumu wa mtaa wake, kofia yake itafumwa kwanza.